Kwenda Bankstown Kusoma Daftari la Mturuki

Nilikwenda Bankstown, kitongoji kimoja cha Sydney, kwa sababu sura ya nne ya tasnifu yangu ilikuwa imekwama, na msimamizi wangu alikwisha kuniambia bila kupepesa macho: lete chanzo kipya kabla ya Juni, la sivyo sura hiyo tunaitoa. Kuitoa hiyo ni kuibomoa tasnifu nzima, maana sura nyingine zote zimeiegemea. Nyumbani Tanga watu wanajua kwamba nimekuja Sydney kusoma. Wasichokijua ni kwamba miaka minne yote hii nimekuwa nikisoma ugomvi mmoja wa kimyakimya kati ya Wajapani na Waturuki.

Nieleze kidogo, nisije nikamwacha mtu njiani. Wajapani walijifungia kwao karne mbili na ushei. Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara nao walikuwa Waholanzi, na hao nao waliwekwa kwenye kisiwa kidogo cha kutengenezwa pale Nagasaki, daraja moja tu, na walinzi mlangoni. Kila meli yao ilipotia nanga walitakiwa kutoa habari za dunia. Humo ndimo Wajapani walimosoma habari za Sultani wa Waosmani na vita vyake, kabla hawajamtia machoni Mturuki hata mmoja. Baadaye milango ilipofunguliwa kwa vitisho vya mizinga, Japani ikabebeshwa mikataba ya dhuluma: Mzungu akifanya jinai Japani, hahukumiwi na Mjapani. Waosmani walikuwa na ugonjwa huohuo, tena wa siku nyingi. Basi wajumbe wa Japani wakaanza kupitia Istanbul kuchungulia mwenzao anaumwa vipi. Walipokewa vizuri, wakanyweshwa kahawa, zawadi zikaenda na kurudi. Lakini mkataba wa urafiki haukutiwa saini kamwe enzi zote za masultani, kwa sababu Japani ilitaka ipewe haki zilezile walizokuwa nazo Wazungu, na Sultani akasema hapana. Hayo yamo vitabuni. Mimi nilitaka kujua ni nani aliyeanza kushuku, na alishuku akiona nini.

Majibu, kama yapo, yako Istanbul. Na huo ulikuwa mwaka wa pili wa korona, mipaka ya Australia imefungwa kwa kufuli. Hata raia wao walikuwa wanaomba kibali ili watoke. Mimi nilikuwa nafungasha maboksi kwenye ghala moja la Ingleburn siku nne za wiki, na Jumamosi najifunza kusoma mwandiko wa Kiosmani kwa Zoom. Herufi zake ni za Kiarabu, nazo nilizijua tangu chuo cha Kurani utotoni. Bibi yangu aliandika barua zake zote za Kiswahili kwa herufi hizo. Kituruki chenyewe sikukijua zaidi ya kuomba maji.

Ndipo jirani yangu Mama Neema, Mkongo wa Uvira anayehudumia wazee majumbani mwao, akaniletea habari tukiwa tunaanua nguo.

"Mwanaidi, kuko papa moja Mturuki kule Bankstown, iko na kitabu ya zamani ya babu yake. Anasema ule babu alikuwa anapokea Wajapani. Mais haiwezi kuisoma, maandiko ni ya Kiarabu. Mi nikamuambia niko na dada, anajua ile maandiko."

Nilishuku palepale. Mimi ndivyo nilivyo. Mtu akinipa kitu bila kukiomba, najiuliza anataka nini. Lakini habari yenyewe iliingia akilini. Waturuki waliacha herufi za Kiarabu baada ya masultani kuondoka, kwa hiyo mjukuu anaweza kukirithi kitabu cha babu yake asiweze kusoma hata jina la babu. Mimi naweza kutamka nisielewe. Yeye anaweza kuelewa asiweze kutamka. Tukikaa pamoja, huenda tukapata msomaji mmoja mzima.

Saa tatu asubuhi ya Jumatano nilikuwa kituo cha Ingleburn, barakoa usoni, mfuko wa visheti mkononi, kwa sababu sikulelewa kwenda kwa watu mikono mitupu. Treni ilikuwa nusu tupu. Vitini walikuwa wamebandika alama za kijani kuonyesha pa kukaa, na watu tulikaa kama tuliogombana. Kabla ya Glenfield visheti vilinichokoza pua, nikapiga chafya moja tu. Bwana wa mbele yangu alinyanyuka akahamia behewa lingine. Nilikasirika, kisha mimi mwenyewe, pale Glenfield nilipobadili treni, nikamkimbia mama aliyekuwa anakohoa.

Liverpool, ya hukuhuku Sydney, nilibadili tena treni. Njiani nilikuwa napanga maswali, na kila swali nililolipanga lilikuwa la polisi: hilo daftari alilipata lini, kwa nani, kwa nini halijaonekana popote? Watu wengi wana babu aliyewahi kumpokea mtu mkubwa. Nilijiambia nikikuta karatasi iliyopakwa chai ili ionekane kuukuu, nitakunywa maji yao, nitashukuru, nitaondoka.

Saa nne na nusu nilishuka Bankstown. Nje ya kituo kuna pilikapilika za kweli: mboga hadi kwenye njia ya miguu, Kiarabu upande huu, Kivietinamu upande ule, harufu ya nyama choma asubuhi hiyohiyo. Kila mlango wa duka umebandikwa ile karatasi ya kujiandikisha kwa simu, ili serikali ijue ulipita wapi. Nilinunua maji, nikajiandikisha. Nikakata mitaa mitatu, nikaikuta nyumba ya matofali yenye mlango wa wavu na mizabibu iliyopandishwa juu ya kibanda cha gari.

Nejat Bey alikuwa na miaka themanini na mbili, mwembamba, amenyoa vizuri, amevaa koti ndani ya nyumba. "Bey" ni heshima yao, kama sisi tunavyosema Bwana. Mama Neema alikuwa amemaliza zamu yake anaondoka. Alinitambulisha mlangoni akasema, "Papa Nejat, huyu ndiye," kisha akaniachia jicho la kunionya nisilete aibu. Tulizungumza Kiingereza, chake cha kiwandani na changu cha darasani. Hapa nakileta kwa Kiswahili.

"Kabla hujakaa, binti yangu," alisema, "nina masharti."

"Nakusikiliza, mzee."

"Miaka iliyopita alikuja mtu, anaandika kitabu, anasema. Akaichukua picha ya babu aitoe nakala. Mpaka leo natoa macho barabarani. Kwa hiyo simu yako utaiweka pale kwenye bakuli la machungwa. Daftari halitoki mezani. Kurasa nafunua mimi."

Niliweka simu kwenye bakuli. Nilichukia, nakiri. Mtu nimesafiri, nimevaa barakoa saa nzima na ushei, halafu nakaguliwa kama mwizi. Lakini alipoleta daftari lile na kulifungua juu ya kitambaa cheupe, hasira ilinitoka yote. Halikuwa la chai. Lilikuwa daftari la mtumishi wa serikali, karatasi nyembamba ngumu, mwandiko wa haraka unaolala kushoto, na hapa na pale maneno yaliyokatwa na mtu anayefikiri huku anaandika.

Tulianza. Mimi nikitamka neno kwa kubabaisha, maana mwandiko ule unaficha irabu nyingi, yeye akifumba macho, akilirudia kwa namna mbili tatu, kisha akishtuka: "Ha! Nimelipata!" Nikiandika kwa penseli. Babu alikuwa mhudumu wa wageni wa serikali, amepewa Mjapani mmoja wa kuzunguka naye siku kumi na moja, wakizungumza kwa Kifaransa kibovu cha wote wawili. Mgeni hakupenda misikiti, hakupenda masoko. Alikula kidogo, alilala mapema.

Na katikati ya kazi hiyo tukagundua utamu ambao hakuna aliyeutarajia. Nilitamka "kitap" nikacheka, nikamwambia sisi tunasema kitabu. "Kalem?" Kalamu. "Haber?" Habari! Mzee akapiga meza kwa furaha. "Saat?" Saa. "Mahkeme?" Mahakama. Akaniambia mke wake marehemu angenipenda, akaenda kuleta supu ya dengu na mikate ya jibini, tukala huku tunatajiana maneno. Nikasahau kushuku kwa muda wa kama saa nzima. Kwangu hiyo ni rekodi.

Saa saba kasoro tulifika ukurasa wenye mistari iliyobanana kuliko mingine. Neno mahakama lilikuwa limejaa humo, mara nne, mara tano. Nikatamka mstari wa juu pole pole, na ndani yake likatoka neno moja: "casus". Waturuki wa leo wanaliandika hivyo, wanalitamka "jasus".

Nejat Bey alifumbua macho. Halafu akasema, "Mwenyeji. Anasema yeye ni mwenyeji mwema wa mgeni."

Niliandika "mwenyeji" kwenye karatasi yangu, uso mkavu. Jasusi ni jasusi, jamani. Kutoka Tanga hadi Istanbul. Mzee alikuwa ananidanganya mchana kweupe, na sasa sikujua ni mangapi mengine aliyonidanganya tangu asubuhi.

"Tuendelee na mistari hii ya chini?" niliuliza.

"Ya chini si muhimu. Hesabu za kahawa." Akatazama saa ya ukutani, akainuka. "Adhuhuri imeingia. Mkeka wa pili upo, wa marehemu. Tusali?"

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. Nilijua akirudi atalifunga daftari na hatalifungua tena. Nilijua sura yangu iko pale, sentimita thelathini kutoka mkononi mwangu. Nikainamisha macho kama mwari, nikasema, "Leo siko kwenye sala, mzee."

Kila Muislamu anajua kwamba mwanamke akisema hivyo yuko hedhini, na hakuna mzee mwenye adabu atakayeuliza neno la pili. Aliona haya yeye mwenyewe, akanitilia chai, akaenda chumbani. Nilikuwa mzima kabisa. Nilimsikia akileta takbiri, nikaenda kwenye bakuli la machungwa, nikachukua simu, nikapiga picha mbili, nikairudisha. Chungwa moja likaanguka. Nililiokota kabla hajatoa salamu.

Aliporudi alilifunga daftari, kama nilivyotabiri. "Leo basi. Tutazungumza siku nyingine." Kwa namna alivyosema, siku nyingine hiyo haikuwapo. Nilimwachia visheti, akanisindikiza hadi langoni.

Saa tisa nilikuwa kwenye benchi kituo cha Liverpool nasubiri treni, nimeikuza ile picha hadi herufi zinapasuka. Jasusi ilikuwapo. Mahakama zilikuwapo zote. Sharti lilikuwapo, maana nalo tunalo sote. Lakini kati ya maneno hayo kulikuwa na Kituruki kitupu, na mimi nilikuwa natamka kama kasuku. Nilikuwa nimemwibia mzee kitu ambacho sikuweza kukitumia bila yeye. Au bila Mturuki mwingine: mwalimu wangu wa Zoom. Niliandika ujumbe, nikaambatanisha picha, nikaacha kidole juu ya kitufe mpaka Ingleburn. Sikutuma. Nisijisifu, haikuwa dhamiri. Niliogopa mwalimu naye atauliza nimeipata wapi.

Kesho yake jioni Mama Neema aligonga mlango, ameshika chupa ya kitu cheusi kizito.

"Papa Nejat amekutumia. Ni asali ya zabibu, alipika yeye mwenyewe. Anasema kila asubuhi vijiko mbili, inaongeza damu." Akanichungulia. "Anauliza kama umepata nafuu. Uko mgonjwa, Mwanaidi?"

"Ni rushwa," nilisema. "Anataka ninyamaze."

"Unyamaze juu ya nini?"

Mama Neema akaweka chupa juu ya friji. "Wewe, siku moja utashuku hata maji ya kuoga," akasema, akaenda zake. Nilibaki naitazama ile chupa. Mzee wa miaka themanini na mbili amesimama jikoni, amefunga kifuniko kwa kitambaa na uzi, kwa ajili ya damu ambayo haikuwapo. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa tena mbele ya ule mlango wa wavu. Sikwenda na kitu mkononi safari hii. Alikuja, hakufungua. Akasimama upande wake, mimi upande wangu.

"Nimepiga picha," nilisema. "Kurasa mbili. Sijamwonyesha mtu."

"Wakati gani?"

"Ulipokuwa unasali."

"Wewe uliniambia huwezi kusali."

"Nilisema uongo, mzee."

Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka bila neno. Akaushika wavu kwa vidole. "Na mimi nilikuambia mwenyeji," alisema. "Neno si mwenyeji. Mnalo kwenu?"

"Tunalo. Jasusi."

Akatikisa kichwa. "Baba yangu alinilea kwa hadithi ya babu rafiki wa Wajapani. Nami nikawalea wanangu kwa hiyo hiyo. Miaka yote hii nimelitunza daftari nikiomba apatikane wa kulisoma. Ulipolitamka lile neno, nilitamani ungekuwa bubu." Kisha akafungua mlango.

Mezani nilimwonyesha simu, nikafuta picha akiona. Chuo changu kinataka hati ya idhini yenye saini ya mwenye kitu, la sivyo hakuna sura. Hati ilikuwa kwenye mkoba. Niliiweka mbele yake. Hakuigusa. Alisema kwanza tusome. Tukasoma, mimi natamka, yeye anaelewa, na safari hii akitafsiri alikuwa ananitazama machoni.

Babu aliandika kwamba kila jioni alipeleka taarifa ya mgeni kwa wakubwa: amekwenda wapi, amesema nini. Aliandika kwamba siku ya nane Mjapani alimwuliza kwa Kifaransa, wewe ni mwenyeji wangu au jasusi wangu, naye akacheka, akamwongezea kahawa, na swali hilo nalo akaliandika kwenye taarifa. Kisha ikaja mistari ile iliyobanana. Mgeni anauliza mahakama tu. Kila siku anauliza, Mfaransa akiua mtu hapa, nani anamhukumu? Anauliza kama mtu anayetafuta jinsi ya kuvua nira shingoni. "Namwonea huruma," Nejat Bey alitafsiri, "lakini nachelea kwamba akishaivua, atakuja na sharti la kutuvika sisi."

Nilitua penseli. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta miaka minne: mtumishi mdogo, mwenye birika la kahawa, ameiona hatari ya mkataba ambao Japani ilikuwa hata haijauomba.

"Unaitaka," alisema mzee.

"Naitaka, sikufichi."

"Utaandika kwamba babu yangu alikuwa jasusi. Alimlisha mgeni na kumwandika."

"Bila hilo haina maana, mzee."

"Basi andika. Ila pembeni yake andika na yako. Kwamba na wewe ulilishwa hapa, ukasingizia mwili wako, ukapiga picha mtu amesujudu. Kama ni aibu, tuivae sawa. Siwezi kusaini ya upande mmoja."

Nilimwambia nitaandika. Aliikunja hati, akaitia mfukoni mwa koti bila saini. "Nikishaiona," alisema.

Safari ya kurudi sikumbuki mengi. Nilikaa kwenye alama ya kijani, nikafikiri jinsi nilivyotoka nyumbani nimejiandaa kumkamata mwongo, na mwongo alikuwapo kweli, tulikuwa wawili. Nilichojifunza Bankstown ni kwamba kushuku kwangu, ambako siku zote nilikuita akili, kulikuwa kunanipa ruhusa. Kwa kuwa mzee anaficha, basi mimi nichukue. Wale wa Istanbul na wale wa Tokyo nadhani walijidanganya vivyo hivyo.

Sura niliimaliza mwezi wa tano. Kwenye ukurasa wake wa pili niliandika kwamba chanzo hiki kilipigwa picha mara ya kwanza na mwandishi bila idhini, mwenye nyumba akiwa kwenye sala, baada ya mwandishi kudanganya ili asisali. Msimamizi aliizungushia wino mwekundu, akauliza kama ni lazima iwepo. Nilimjibu ni lazima.

Nilimpelekea Nejat Bey nakala, nikamwonyesha mstari kwa kidole. Hakuniamini. Alimwita Mama Neema kutoka jikoni amsomee, akaniambia mimi nitoke nje, nikasimama chini ya mizabibu. Kupitia wavu nilimsikia Mama Neema akisoma, akikwama, akisema "Mungu wangu, Mwanaidi," kisha akiamriwa arudie tangu mwanzo. Alisoma mara mbili. Ndipo mzee akaitoa hati mfukoni, akatia saini.